Mkungu wa Eseza

Eseza Nabukenya alikuwa na desturi ambayo hakufundishwa na mtu. Kila alipouza kahawa, alitandaza kitambaa kitandani na kuzifunga pesa mafundo matatu: la Mungu, la tumbo, na la kesho. "Mungu akishapata lake, haya mengine ameniachia niyatunze," alimwambia binti yake Nakiwala. "Na mtunzaji ataulizwa."

Mwaka ule mnyauko, ugonjwa wa mibuni, ukaingia shambani. Mibuni ilikauka ikiwa imesimama. Walipata gunia moja tu, nalo halikujaa. Fundo la kesho likatosha ada ya mtihani wa Nakiwala wa kidato cha nne, laki na nusu, na lisibaki kitu, na shule ilikwishasema: mwisho Jumatatu. Kezekiya, mume wa Eseza, ndiye angeipeleka kwa baiskeli. Jumapili akaitia katika mfuko wa ndani wa koti akaenda nayo kanisani, maana nyumba yao haikuwa na kufuli.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Eseza alilitia fundo la Mungu kapuni, kisha akaongeza mkungu wa ndizi aliokuwa ameukata alfajiri. Baada ya ibada, vitu vyote vikatolewa uani, vikaanza kunadiwa.

"Mkungu wa Mama Nakiwala!" alinadi Tefiro, mwinjilisti. "Tazameni vidole, vimenona kuliko mimi! Nani anaanza?"

"Elfu ishirini," akasema Besweri, jirani yao, ambaye zamani alimposa Eseza akakataliwa.

Watu wakaguna kwa furaha. "Kezekiya, upo au umesafiri?" Tefiro akauliza.

"Thelathini," akajibu Kezekiya.

"Hamsini! Mpishi nilimkosa, nisikose hata ndizi?"

Kicheko kikapasuka hapo, hata mchungaji akaficha uso. Eseza alimwona mumewe akivimba shingo. Akamvuta koti. "Baba Nakiwala, mwache aende nao. Ni ndizi tu, migomba tunayo tele."

"Nyamaza. Unataka chakula cha mke wangu kikalale kwa yule?" Akapaza sauti: "Themanini!"

"Laki!"

"Laki na ishirini!"

"Na thelathini!"

Mkono wa Kezekiya ukaingia mfuko wa ndani. Eseza angeweza kupiga kelele. Lakini mke amzuie mumewe kutoa, kanisani, siku ya mavuno? Akaliachia koti.

"Laki na nusu!"

Besweri akainua mikono. "Nimeshindwa, mzee. Kapikiwe."

Vigelegele vikapigwa. Wakarudi nyumbani na mkungu wao wenyewe juu ya baiskeli. Nakiwala alikuwa mlangoni, sare ya kesho ameshaipiga pasi.

"Baba, mbona mkungu umerudi?"

Kezekiya akaegemeza baiskeli ukutani, akaingia ndani.

Jioni Eseza alipiga magoti sebuleni kwa mchungaji Yokana. "Mchungaji, Mungu nilimpa lake asubuhi. Mlilolipokea mnadani si lake. Ni la mtoto."

Mchungaji alimshika mkono, akamwinua. "Mwanangu, mzee wa hazina ameshaondoka na pesa zote kwenda dayosisi. Na kilichowekwa mezani mwa Bwana, nitakirudishaje? Tumwombe Mungu atoe njia."

"Alishatoa, mchungaji. Sisi ndio tumemnyang'anya mtoto."

Mchungaji akajipapasa mifuko, akampa alichokuwa nacho. Hakikufika hata robo ya ada.

Eseza akaupitia mkungu nyumbani, akaubeba kichwani hadi kwa Besweri, akautua mlangoni. "Ndizi ulizozitaka hizi hapa. Nipe bei yako ya mwisho."

Besweri alijikuna kichwa, akatazama chini. "Mama Nakiwala, sikuwa na hata elfu kumi mfukoni. Nilikuwa namchokoza tu."

Eseza aliurudisha mkungu nyumbani. Njia nzima alilia bila sauti.

Jumatatu ikapita bila ada, na Nakiwala akakosa mtihani wa mwaka ule. Ndizi zikaanza kuiva moja moja, na Nakiwala hakugusa hata moja. Jioni moja Kezekiya, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushika kisu cha jikoni, alikaa chini na kumenya zile mbichi zilizobaki. Alikata maganda manene, nusu ya ndizi ikaenda nayo. Siku nyingine wangemcheka.

"Nisamehe," alisema bila kuinua macho.

"Mwombe Nakiwala."

"Nimemwomba. Ameniambia, 'Sawa, baba.' Afadhali angenitukana."

Eseza akaanza kusuka mikeka ya watu. Siku alipolipwa, alitandaza kitambaa kitandani, na mkono ukasita kwenye fundo la kwanza, la Mungu. Ulisita sana.

"Mama, na hilo bado utalifunga?" Nakiwala aliuliza.

"Aliyekunyang'anya si yeye," alisema Eseza. Akalifunga, ingawa vidole vilikuwa vizito.

Fundo la tatu likatoka dogo kama punje ya kahawa. Kezekiya alikuwa kizingitini. Hakunyoosha mkono, na Eseza hakumtazama. Alimwekea Nakiwala fundo hilo kiganjani, akamkunja vidole.

"Litunze mwenyewe."

Nakiwala alilipima uzito, akatazama nje, kwenye mibuni iliyokauka imesimama, na mwaka mzima wa kungojea mtihani mwingine.