Siku Bendi Yetu Iliporudi na Kaseti ya Mazishi

Mpaka leo nikifika soko la Gachoka nanunua haraka na kuondoka, kwa sababu siku bendi yetu iliporudi, miaka ile ya tisini, ni mimi niliyeiharibu, na siwezi kumsingizia mtu.

Ndugu yangu Nyaga ndiye alikuwa mwimbaji wetu. Alipofariki tulinyamaza mwaka mzima, halafu Njiru, mpiga gitaa la solo, akaja nyumbani na jaketi nne nyeusi za ngozi bandia (jaketi, katika jua la Gachoka!) na miwani ya giza, akasema magitaa na nyimbo zetu za Kimbeere zimepitwa na wakati, sasa ni kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma, na yeye ndiye ataimba.

Mama aliomba kitu kimoja tu. "Imbeni basi ule mmoja wa Nyaga."

"Mama, mpya ni mpya," Njiru akasema, na mimi, mtoto wake wa kumzaa, nikaangalia viatu.

Kinanda kilikuwa cha kuazima na mwenyewe alikitaka kabla ya Jumamosi, siku ya tamasha letu sokoni, kwa hivyo Njiru akaamua turekodi nyimbo kwa kaseti, halafu jukwaani tufungue midomo tu na kushika magitaa ya kuonyesha, bila kuyaunganisha na spika. Kaseti tupu hatukuwa nayo. Nikasema, "Niko na moja, upande wa pili hauna kitu." Upande wa kwanza ulikuwa na mazishi ya Nyaga, ambayo nilikuwa nikiyasikiliza peke yangu karibu kila siku. Nyimbo zetu mpya zilijaza ule wa pili mpaka utepe ukaisha.

Sasa, redio yetu ya nyumbani unageuza kaseti kwa mkono. Ile ya Jumamosi, tuliyopewa na fundi mmoja wa bwawa la Kiambere, ilikuwa ya kisasa, inajigeuzia yenyewe, na hakuna aliyeniambia (wala sikuuliza).

Watu walikuwa wameanza kucheza, jasho linatutiririka ndani ya jaketi, wimbo wa mwisho ukakatika, redio ikalia ta!, na kwenye spika ikatoka sauti ya pasta: "Familia isogee karibu na kaburi." Njiru, mdomo bado unaenda.

"Wewe Njiru, ulianza kuhubiri lini?" mtu akapiga kelele, lakini wimbo wa kanisa ulipoanza, soko lote likatulia. Wazee wakavua kofia. Akina mama wakaweka vikapu chini, wakasimama wima, vile tunavyosimama jeneza likiteremshwa.

"Zima, Ireri! Zima hiyo kitu!" Njiru akanifokea.

Nikabonyeza, ikaongeza sauti. Nikabonyeza kwingine, taa zikawaka. Mama akapanda jukwaani, nikajua ni kofi, kumbe alikuja kunishika mkono. "Wacha. Wake ndio unafuata."

Ukaja ule wimbo wa Nyaga, tulioupiga siku ile kaburini, na watu wote wakauimba, na sisi wenye bendi tumesimama na magitaa yasiyo na waya, hatuna hata kazi ya kufanya. Ulipoisha wakapanga foleni kutusalimia mmoja mmoja. "Poleni." "Poleni sana, vijana." Kwenye tamasha! Njiru alijibu asante mpaka mtu wa mwisho, halafu hakuniongelesha mwezi mzima.

Kaseti Mama aliichukua. Nikitaka kuisikiliza lazima nikae naye. Na sijasimama tena mbele ya watu na gitaa lisilo na waya, na Mama akiomba wimbo naupiga huo kwanza, mambo ya jaketi tutaongea baadaye.