Molasi ya Ng'ombe wa Bramwel

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Nyaruai hutoa koki ya mfereji chini ya mto wake, akatoka nje na kuirudisha kwenye bomba. Jioni huifungua tena, akalala nayo. Hapa mtaani Tuwan, chuma kikilala nje huuzwa na kugeuka chang'aa, ile pombe haramu, tumboni mwa mtu. Wezi walishamwibia waya wa kuanikia nguo, wakarudia bawaba za choo, mlango ukabaki kuegemezwa tu. Katika duka lake la chakula cha mifugo, kila mteja husomewa risala ileile: walevi na wavuta bangi wataimaliza Kitale, na serikali inakoroma.

Kisha wakamwibia ng'ombe wa maziwa, yule aliyemsomesha Wacera, binti ya kaka yake, na bado mwaka mmoja wa chuo kikuu umebaki. Kwa chifu aliambiwa arudi kesho, mpaka hizo kesho zikamchosha. Hatimaye dereva anayemletea pumba akamwambia amemwona ng'ombe mwenye sikio lililokatika kama wake huko Bokoli, kwa Bramwel.

"Bramwel mteja wangu?" Nyaruai akasema upesi. "Basi atakuwa amemwokota. Yule ni mfugaji."

Wacera alimjua. Kila mwezi Bramwel alikuja dukani kubeba mapipa ya molasi, ule uji mweusi wa sukari wanaochanganyiwa ng'ombe.

Yeye na shangazi yake walimkuta Bramwel nyuma ya nyumba yake, kando ya kijito, moshi umetanda. Mapipa ya dukani yalikuwa hapo, na karibu yake mtambo wa chang'aa ulikuwa ukitokota. Ng'ombe alifungwa kwenye mpera, mbavu nje.

"Karibu, mama," Bramwel alisema akijifuta mikono. "Leo umeniletea molasi mpaka nyumbani?"

"Nimekuja kuchukua ng'ombe yangu."

"Kumbe ni yako? Pole, bana. Vijana waliileta, ati ni ya mjomba wao. Walikuwa na kiu."

"Na zako ziko wapi? Zile za kula molasi?"

Bramwel akawaonyesha kwa kidevu wanaume waliokaa kwenye benchi na vikombe vyao. "Si hao? Na wananona, mama."

Benchi zima likacheka. Mzee wa nyumba kumi, ambaye Nyaruai alikuja naye awe shahidi, alikuwa tayari ameshikishwa kikombe. Nyaruai akafungua kamba mwenyewe na kuondoka.

Njiani aliwalaani vijana, akamlaani chifu, akamlaani mzee na kikombe chake. Bramwel hakumtaja. Wacera, ambaye si mtu wa kuulizauliza, alisubiri mpaka shangazi yake akapumua.

"Tata, hukujua molasi yako inaenda wapi?"

Nyaruai aliivuta kamba, ng'ombe akafuata.

"Nilijua," alisema. "Mwenye ng'ombe hununua dawa ya kupe. Yeye hakuwahi."