Vitanda vya Kambale, bidoni zangu

Hadi sasa akili yangu inagoma. Jana tumemzika Kambale, na leo asubuhi nimemwandikia: "Umefika ofisini?" Ujumbe umebaki na tiki moja.

Nyinyi mlioandika chini ya picha yake "mchoraji ameonja kazi yake mwenyewe", mkaweka na vicheko, someni hadi mwisho. Halafu mnitukane mimi.

Kwa wasiomjua: Kambale alikuwa mchoraji wa ofisi yetu hapa Goma, mimi msimamizi wake na rafiki yake. Tuligeuza namba za wagonjwa kuwa picha, ili hata asiyesoma ajue bomba gani la maji lina kipindupindu.

Alikuwa na kiburi cha kuudhi. Siku shefu alipoleta namba zake kwenye duara la rangi rangi, Kambale alimjibu mbele ya wageni: "Shefu, hii ni keki. Batu ya Kibati bataulizia chai iko wapi." Nilitoka nje kucheka.

Kwa kambi ya wakimbizi ya Kibati alichora vitanda. Kile kitanda cha kipindupindu, chenye tundu katikati na ndoo chini. Bomba lenye wagonjwa wengi, vitanda vingi. Hakuna asiyekijua kitanda hicho pale kambini.

Nilikataa mimi. Nilisema, "Wafadhili wale chakula wakiangalia hii? Chora bidoni za njano, zinapendeza." Wagonjwa wengi, bidoni nyingi, yale madumu ya kuchotea maji, kwenye mstari.

Aligoma siku mbili. Nikamwambia Goma imejaa watu wanaojua kuchora. Akachora.

Afishi, bango lenyewe la kubandika mabombani, ilisifiwa, jamani! Wageni walipiga picha mbele yake. Mimi nilisimama katikati.

Wiki iliyofuata Kambale alimkuta mama mmoja Kibati akichota kwenye bomba baya kuliko yote, afishi yetu ikiwa juu ya kichwa chake.

"Mama, hii picha inasema nini?"

"Hauone bidoni za batu ziko mu mustari, mutoto yangu? Ni kusema hapa maji inatoka. Kule kwenye hakuna bidoni, ilikauka."

Na pale bombani bidoni zilikuwa zimepangwa vilevile, zikiwashikia wenyewe nafasi. Mimi ni binti wa mtaa wa Murara. Nimekulia kwenye mistari hiyo, nimebeba bidoni kabla sijabeba laptop. Nilisahau haraka sana.

Alinipigia akifoka. Nikamwambia asubiri, ripoti inatoka Ijumaa, tusijiaibishe. Hakusubiri. Siku tatu alizunguka kambi akibandua afishi moja moja, akichora vitanda kwa makaa kwenye mbao za vyoo. Alikula walichokula wenyeji, akanywa walichokunywa.

Nilimkuta kwenye kitanda chenye tundu. Macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Nilitaka anitukane, ningepumua. Akaniita dada mkubwa kama kawaida yake, polepole: "Yaya Esther, sasa unakiona muzuri?"

Hakuniambia kingine tena.

Ofisi imetoa taarifa kwamba kosa la afishi lilikuwa la mchoraji. Mchoraji amekufa, hawezi kujibu. Taarifa hiyo niliisoma kabla haijatoka. Nilisahihisha mkato mmoja, nikairudisha.

Basi leo naandika kwa jina langu: bidoni ni wazo langu. Vitanda ni vyake. Mama yake Kambale, uliyeambiwa sokoni kwamba mwanao ameua watu, inua kichwa. Waliokuambia waje mlangoni kwangu, nipo. Kazi wakinifukuza, sawa.

Kambale, mdogo wangu mwenye kiburi. Jana tukitoka makaburini nilipita Kibati. Mvua imeanza kufuta makaa yako, lakini vitanda bado vinaonekana, na kwenye lile bomba baya hapakuwa na hata bidoni moja kwenye mstari.

Lala salama sasa. Kitanda cha safari hii hakina tundu.