Msumari wa Gladwell

Kule Chwele, Bungoma, mke wangu hapendwi, na mimi nasema shauri yao.

Gladwell alifundisha hesabu hapa Kitale miaka ishirini na saba. Alipostaafu, wenzake walianza kufuga kuku. Yeye akajifunza kupima barabara za mbio. Hupima kwa baiskeli yenye mashine ya kuhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, na kwa kila kilomita huongeza mita moja, ili mtu asije akasema njia ni fupi. Majirani wetu wa Matisi humwita Mama Baiskeli. Wamwite tu. Njia ikiwa fupi rekodi ni uongo, na uongo Gladwell hajawahi kuuwekea sahihi.

Mwaka huu alipima kilomita kumi za Chwele: unaenda tano, unageuka, unarudi. Pa kugeukia alipigilia msumari kwenye lami, akauzungushia rangi ya manjano. Siku ya mbio, mke wa kijana wetu, Jentrix, mzaliwa wa Naitiri hukohuko Bungoma, akavunja rekodi ya taifa kwa sekunde nne. Nililia, na sioni haya kusema.

Watu wakiwa wamembeba juu juu, Gladwell akapanda baiskeli kwenda kuangalia msumari wake. Nikamfuata na bodaboda. Ilikuwa siku ya soko. Wauza ng'ombe walikuwa wamejaa pale pa kugeukia, na wasimamizi wa njia, badala ya kubishana nao, walikuwa wameirudisha koni ya kugeukia nyuma kidogo, upande wa kuanzia. Gladwell akakwangua mavi ya ng'ombe kwa kiatu, msumari ukaonekana. Akapima hadi kwenye koni: mita thelathini. Kwenda na kurudi, sitini. Jentrix hukimbia mita sitini kwa sekunde kumi hivi.

Mwenyekiti wa mbio, Nyongesa, alitungoja na fomu ya kuthibitisha rekodi mkononi.

"Mwalimu, si uweke tu sahihi. Mita sitini ni nini, bana? Na huyu ni wako."

"Ndiyo maana," Gladwell akasema, akaandika kwamba njia ilikuwa fupi.

Tulitukanwa siku hiyo, ati watu wa Kitale wamemwibia mtoto wa Bungoma. Wiki mbili Jentrix hakukanyaga kwetu, na Gladwell akawa anasukuma chakula tu kwenye sahani. Mimi nilikasirikia kila mtu, hata mke wangu kidogo. Sekunde nne, jameni.

Jumanne moja asubuhi tukamwona Jentrix mlangoni, amevaa viatu vya mbio.

"Mama, chukua baiskeli. Nataka unionyeshe huo msumari."

Tulipofika Chwele haikuwa siku ya soko, barabara ilikuwa wazi. Jentrix alikimbia peke yake, Gladwell akimfuata kwa baiskeli, mimi nikiwa mstarini na saa. Gladwell anasema Jentrix aliukanyaga msumari kwa kisigino ndipo akageuka. Alipofika kwangu, alikuwa ameipita ile rekodi ya taifa kwa sekunde mbili.

"Haihesabiwi," Gladwell akasema, machozi yakimtoka. "Hakuna mwamuzi hapa."

"Najua, Mama." Jentrix alikuwa ameinama, anahema. "Mwambie Nyongesa aitishe mbio zingine, hata siku ya soko. Koni ikae kwa msumari. Ng'ombe nitawaruka."