Shangazi Kwenye Kiti cha Dawa

Ukitaka kusimuliwa habari hii kwa upole, kamtafute Fundi mwenyewe. Mimi hapana. Hasira yangu nimeilea vizuri, imenenepa, na sioni kwa nini niitupe eti kwa sababu mambo yamekwisha. Watu wananiita Kidomo, na kwa jina hilo sijaonewa.

Kazi yangu ni kuosha vichwa. Saluni yetu iko kwenye barabara ya maduka, kati ya duka la viatu na fundi wa simu, chumba kirefu chembamba chenye vioo upande mmoja na madrai ya kukaushia nywele upande wa pili. Beseni langu liko mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma. Fundi yuko kiti cha kwanza, kwa sababu ndiye mwenye mkono. Mwanamke akiingia amejifunika kanga hadi machoni kwa aibu ya nywele zake, akitoka anatafuta kila dirisha la kujitazamia. Wateja wako radhi wasubiri asubuhi nzima wamngojee yeye, na wenzake wamekaa bure wanachambua kucha.

Sasa mtu wa namna hiyo ungetegemea aringe kidogo. Wapi! Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye. Chakula anakula amesimama kwenye kona, kama mtu aliyekikuta kimesahauliwa. Ukimwambia leo umependeza, anakukazia macho aone unamcheka wapi. Na siku nzima anasimama mbele ya kioo bila kujitazama. Anaangalia utosi wa mteja. Akitaka kujua kama pande mbili zimelingana, ananiita niache beseni: "Kidomo, hebu nitazamie." Wageni walidhani ni heshima ananipa. Mimi nilijua anakwepa.

Kulikuwa na fundi umeme mmoja, mtu mzima, mstaarabu, nguo zake safi. Taa zetu zilikuwa nzima, lakini kila baada ya siku chache anakuja kuzikagua. Hata viti visivyotumia umeme angevikagua. Siku alipopata ujasiri akamwambia Fundi kwamba anampenda, Fundi alimjibu, "Kaka yangu, kapime macho." Yule kaka akacheka, akidhani ni utani wa kike. Fundi hakuwa anatania. Alimwonea huruma kabisa, akamwelekeza na hospitali. Yule kaka alikuja tena mara mbili tatu, akachoka, na taa zetu siku hizi zikiungua tunakaa gizani.

Niliujua mzizi wa yote haya siku moja tunakunja taulo. Fundi alinieleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, baba yake akaenda kuanza maisha na mke mwingine, na yeye akaachwa kwa shangazi yake, dada wa baba. Huyo shangazi ndiye aliyempa jina la Kinyago. Hakumwita jina lingine. Wageni wakija: "Kinyago, nenda uani, usiwakatishe watu hamu ya kula." Kikombe kikivunjika: Kinyago. Alipofaulu mtihani akaja mbio na matokeo, shangazi aliwaambia majirani, "Haya, hata vinyago siku hizi vinasoma."

Fundi alinisimulia huku anacheka, na alitaka nami nicheke. Sikucheka. Nilikunja taulo moja mpaka ikawa kama tofali.

"Wewe humchukii huyo mama?" nikamuuliza.

"Nimchukie kwa lipi, Kidomo? Si alisema kweli?"

Hapo nikaelewa kwamba shangazi hakuhitaji tena kuwepo. Alikuwa amehamia ndani ya kichwa cha Fundi, analala humo, anaamka humo, na Fundi anamtandikia kitanda. Tangu siku ile nilimchukia yule mwanamke ambaye sikuwahi kumtia machoni, na nikawa naomba, Mungu anisamehe au asinisamehe, siku moja anifikie mkononi.

Basi akanifikia.

Ilikuwa siku moja kabla ya harusi ya mwanawe, harusi ambayo Fundi hakualikwa. Aliingia bila kubisha, mwanamke mnene wa sauti, wigi limesimama, poda imekolea, nyusi zimechorwa kwa wanja juu ya mahali nyusi zinapokaa, hereni zinagonga mashavu. Saluni ilikuwa imejaa. Akaangaza macho, akamwona Fundi, akapaza sauti.

"We Kinyago! Kumbe ndiko ulikojificha huku? Msusi wangu ananiambia anaumwa, leo hii! Haya, niweke dawa. Na usinicheleweshe, nina watu nyumbani."

"Shikamoo, shangazi," Fundi akasema. Mteja aliyekuwa akimsubiri akampisha mgeni kiti kwa vile aliitwa shangazi. "Shikamoo, shangazi," Fundi akasema. Shangazi hakuitikia, alikuwa anawaeleza wateja. "Huyu nimemlea mimi, mnaona? Nilisema huyu hataolewa, basi apewe kazi ya mikono. Nilikosea?" Wawili watatu wakacheka kile kicheko cha kutojua la kufanya.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi yetu. Dawa ya kulainisha nywele si mafuta ya nazi. Kabla hujafungua kopo, unamuuliza mteja: umejikuna leo? Ngozi iliyokunwa ina mikwaruzo midogo, na dawa ikiikuta inaingia kama moto. Halafu unampaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, nyuma ya masikio na shingoni, ili dawa isiguse ngozi. Hayo anayajua hata mwanafunzi aliyeanza juzi. Na Fundi ndiye mkali wa hayo kuliko wote. Amewahi kumrudisha nyumbani mke wa bwana mkubwa, analia, kwa sababu alijikuna.

Alimvua shangazi wigi. Chini yake zilikuwa nywele zilizofumuliwa asubuhi hiyohiyo, na kichwa kizima kina mistari myekundu ya mkia wa kitana. Alikuwa amejikuna kwa raha zake, mpaka mwisho. Nilikuwa nimesimama karibu na taulo, nikaiona. Fundi naye akaiona.

Akavaa glovu. Akafungua kopo. Hakuuliza. Mafuta ya mgando yalikuwa pale pale kwenye meza, hakuyagusa.

Akainua macho, tukatazamana. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha kumzuia. Na mimi Kidomo, nisiyenyamaza hata msibani, nilinyamaza. Nilirudi kwenye beseni langu nikiwa na furaha ambayo sijaipata hata siku ya harusi yangu.

Dawa ikapakwa. Nywele zikalazwa nyuma, nyeupe, zimegandana na fuvu. Shangazi alikuwa bado anaongea: keki itakuwa hivi, bibi harusi ana rangi nzuri, wajukuu watatoka wazuri, "siyo kama wengine tuliowalea kwa huruma". Joto la madrai likamtoa jasho, akachukua taulo akajifuta uso kwa nguvu. Poda ikaondoka. Nyusi zikaondoka. Hereni alikuwa ameshazivua, kazishika mkononi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa chini ya drai, hasikii maneno kwa mngurumo wake, muuguzi, mteja wetu wa zamani, akainua kofia ya drai apate kuona vizuri.

"Fundi! Mbona hukutuambia huyu ni mama yako mzazi? Jamani, angalieni! Paji lile lile. Masikio yale yale. Hata mdomo unavyobetuka!"

Saluni nzima ikageuka. Mimi nikasogea mbele. Kwenye kioo kulikuwa na nyuso mbili, mmoja juu ya mwingine, na zilikuwa uso mmoja. Mmoja una miaka zaidi, basi.

"Nani?" Shangazi akapiga kelele. "Mimi? Mimi nifanane na hiki kinyago?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Fundi aliinua kichwa akatazama kioo. Niliwahi kumwona akikata nywele, akisuka, akipanga rangi, lakini sikuwahi kumwona akitazama kitu namna ile. Alitazama wa chini, akatazama wa juu, akarudi kwa wa chini. Glovu zinachuruzika dawa, hajali.

Ndipo dawa ilipoanza kazi yake.

"Inawasha," shangazi akasema. Fundi macho bado kiooni. "Inawasha, nimesema! Inachoma! Nioshe!"

Akainuka mwenyewe, akaja mbio kwenye beseni langu, akajitupa kitini, shingo nyuma. Nilishika mpira wa maji. Fundi alikuja nyuma yake polepole, akasema, "Kidomo, subiri."

Nikasubiri. Niulize kama nilisubiri!

"Shangazi," Fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Wewe nani alianza kukuita Kinyago?"

"Unaniunguza! Mwendawazimu wewe, niosheni!"

"Nani?"

Shangazi alikuwa ameshika kingo za beseni kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni. Akasema kitu, sikukisikia. Fundi akainama.

"Mama," shangazi akarudia. "Marehemu mama yangu, bibi yako. Nioshe, mwanangu."

Mwanangu! Leo! Damu ikanipanda. Maji nilikuwa nimeyafungulia, nikayaacha yakimbilie sakafuni. Nikawaza: wageni wakija nenda uani. Nikawaza: hata vinyago vinasoma. Muuguzi alikuwa ameshasimama, anasema tuache mchezo, ile ni kemikali. Nikamwambia Fundi, "Bado haijashika vizuri. Iache kidogo."

"Mwoshe."

"Kidogo tu, Fundi. Kwa kila jina alilokuita."

Akaninyang'anya mpira. Sikutegemea ana nguvu zile. Alinisukuma kwa bega, mimi niliyemzidi mwili, nusura niangukie ndoo.

"Ondoka!" akanifokea, yeye ambaye hajawahi kumfokea hata paka. "Hiyo ni sura yangu unayoiunguza!"

Akamwosha. Akamwosha kwa shampuu ya kukata dawa, akasuuza, akarudia, akamwosha tena, kiganja kimezuia maji yasiingie machoni. Mimi nilisimama pembeni nimelowa, nimeudhika, na nina aibu sijui ya nini, maana mpaka leo sijutii.

Alipomkalisha, paji la uso lilikuwa limechubuka mstari mzima, na nywele za mbele zilikuwa zinakuja na taulo. Shangazi akajiona kwenye kioo akaanza kulia kwa sauti. "Umeniharibu! Kesho nasimamaje mbele ya watu? Nitakushtaki!"

"Nishtaki," Fundi akasema. "Waambie sikukuuliza kama umejikuna. Waambie niliona umejikuna. Nitakubali mbele ya watu wote hawa." Alikuwa anampaka dawa ya vidonda kwa ncha ya kidole, taratibu, akipuliza. "Na sijakusamehe, shangazi. Usione nakupuliza ukadhani nimekusamehe. Lakini ukipona, urudi. Hakuna msusi atakayekubali kukigusa kichwa hiki, mimi nitakigusa. Utakaa hapa mbele ya kioo, bila wigi, bila poda, na mimi nitasimama nyuma yako. Tutajiangalia mpaka mmoja wetu azoee."

Shangazi alitoka amejifunga kitambaa. Harusini, nasikia, alikaa na kitambaa hicho hicho kwenye picha zote, na kila aliyemuuliza alijibiwa ni mafua ya kichwa. Nilicheka siku tatu.

Mwenye saluni alimfungia Fundi kazi kwa muda, na ilikuwa haki, mimi nikakatwa mshahara pia. Tuliporudi nilidhani yule mama hatutamwona tena. Akaja. Asubuhi, kabla wateja hawajafika, mbele ya kichwa kumebaki vinywele vya kuhesabu. Nadhani aliona aibu kuwaonyesha wengine. Au nadhani vibaya, sijui, sikumuuliza, hatusemeshani.

Alikaa akafumba macho.

"Fumbua, shangazi," Fundi akasema.

Akafumbua. Nilifagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa, ili nisikose kitu. Walikaa hivyo muda mrefu, Fundi anamgawanya nywele kwa kitana, wote wawili macho kiooni. Mwishowe shangazi akauliza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo, "Ni mbaya kiasi hicho?"

"Sijui," Fundi akajibu. "Ndiyo kwanza naiangalia."

Anakuja mpaka leo. Kinyago hatamki tena, anasema "wewe", na siku akijisahau anasema "mwanangu". Fundi anamhudumia kama mteja mwingine, wala hamchekei. Kuna asubuhi nafika kazini namkuta Fundi peke yake mbele ya kioo, amevua kitambaa chake cha kichwa, anajigeuza huku na huku, na uso wake siwezi kukwambia ni wa furaha. Ni wa mtu anayejuana na mgeni. Nikiingia haondoki.

Watu wanasema ningepaswa sasa kuliacha jambo hili. Fundi aliache yeye, ni shangazi yake, na sura ni yao. Mimi si ndugu. Wateja wengine wote nawachemshia maji, kwa sababu beseni liko karibu na mlango na upepo unaingia. Akija yule, nafungua bomba moja kwa moja, yanatoka maji ya baridi, anaruka, mabega mpaka masikioni. Fundi anasikia anavyoguna. Hajawahi kuniambia niache.