Mke Wangu Aliniambia Nikae, Kisha Umeme Ukarudi

Msomaji wetu ameomba tusimtaje, na majina ya wenzake ameyabadilisha. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

Nina miaka sabini na nane. Nilifiwa na mke wangu zamani kidogo, na ninaishi Kitengela, ingawa huku si kwetu. Kwetu ni Bonde la Ufa. Tulifukuzwa shambani miaka ya tisini, tukaja huku na magodoro na cherehani. Nilikuwa mwalimu, kwa hiyo nikafungua kibanda cha kuchapia watu barua, na baadaye nikanunua kompyuta kuukuu.

Kule shambani tuliacha kaburi moja dogo. Mtoto wetu wa pili alikufa kabla hajapewa jina. Katika desturi zetu mtoto kama huyo huzikwa na wanawake, na mwanamume haulizi ni wapi. Sikuuliza. Mke wangu alipita hapo kila asubuhi akienda kukama, nami sikumfuata kwa macho.

Alipoanza kuugua, aliniambia, "Tungekuwa bado kule, usingehitaji kujua. Lakini sasa nikienda nani atajua? Kukuambia usoni siwezi. Hiyo mashine yako haina macho. Nifundishe kuongea nayo." Nikamfundisha. Jumapili kibanda kikiwa kimefungwa, alikaa mbele ya kile kipaza sauti na kuongea, nami nikakaa nje na gazeti. Akanifanya niahidi kwamba sitasikiliza angali hai. Wanawake waliozika pamoja naye wote walikuwa wametangulia, na muda si mrefu yeye pia akawafuata.

Nilichelewa kusikiliza. Niliogopa. Alasiri moja nikajikaza, nikabonyeza kompyuta, haikuwaka. Jirani yangu Parsaloi, mwenye karakana ya kuchomelea mageti, akachungulia mlangoni.

"Sopa, mwalimu," akanisalimu kwa Kimaasai. "Imekataa?"

"Imekataa."

"Si ni sisi tunanyonya stima. Kijana yangu anachomelea geti ya kanisa. Hiyo mashine ni kama ng'ombe ya gredi, na wewe unapea nyasi ya mbuzi. Ngoja."

Wakati huo stima ya laini yetu ililegea kila karakana zilipofanya kazi, na wenye kompyuta walikuwa na ujanja wao. Nyuma ya mashine, kwenye pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme, kulikuwa na swichi nyekundu. Upande mmoja imeandikwa 230, ambao ndio umeme wetu. Upande wa pili 115, umeme wa nchi nyingine. Stima ikilegea, watu waliisukuma kwenye 115, na mashine iliyokataa ikawaka. Parsaloi aliisukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikawaka. Akacheka, "Umeona? Hata chuma inataka kubembelezwa."

Nikaifungua sauti. Kwanza akakohoa, ule ukohozi wake wa kuomba nafasi. Kisha akasema, "Baba Wanja. Umekaa? Kaa kwanza."

Parsaloi akavua kofia. "Huyo ni mama?" akauliza, polepole.

Ni kweli nilikuwa nimesimama. Nikavuta kiti. Hapo ndipo kelele ya karakana ilipokatika, kwa maana geti lilikuwa limekamilika, na stima ikarudi yote kwa mara moja. Pawa saplai ikapasuka kama risasi. Ukatoka moshi na harufu chungu ya plastiki, kisha kioo kikawa cheusi. Parsaloi alinunua pawa nyingine siku iliyofuata bila kuambiwa, lakini umeme ulikuwa umekwisha kupita mle ndani. Ulikuwa umeunguza bodi kubwa, na umeunguza pia ubao mdogo wa ile diski iliyobeba sauti.

Sikumlaumu, wala yeye hajajisamehe. Mpaka leo mzee mwenzangu huyo, kabla ya kuanza kuchomelea, huja mlangoni na kusema, "Mwalimu, nawasha." Kompyuta sina tena. Najibu tu, "Washa."

Diski niliifunga kwa kanga yake, nikaiweka sandukuni. Wakati mwingine, stima ikilegea na taa kuwa nyekundu, namsikia akikohoa. Sijamwambia mtu hilo.

Sasa mtu anayeishi kwenye shamba letu amenipigia simu. Ni mtu wa heshima. Alisema, "Mzee, nasikia kuna mtoto wenu hapa. Mimi najenga, na sitaki kulala juu ya mifupa ya mtu. Kuja unionyeshe nimwachie mahali pake. Mvua ikiisha nachimba msingi."

Binti yangu Wanja amempata fundi Nairobi mwenye ubao unaofanana na ule ulioungua. Fundi alinieleza bila kunificha: "Mzee, diski imekuwa mbaya. Naweza kuiamsha mara moja tu. Ikikataa, hapo ndio mwisho." Wanja anasema nimpe leo. "Baba, hapo ndani hakuna Mama. Kuna maneno yake tu, na alikuachia uyasikie."

Anasema kweli. Lakini maadamu diski iko kwenye kanga, mke wangu bado ana neno la kuniambia. Fundi akiiamsha na isiseme, nitakuwa nimewazika wawili. Nikiiacha sandukuni, saruji itamwagwa juu ya mtoto ambaye sikuwahi kuuliza alilala wapi.

Kiti kile ninacho bado. Watu hukikalia wakinitembelea. Mimi sijakikalia tangu siku ile.

Ninyi mliofiwa, na ninyi mlioacha makaburi mahali msipoweza kurudi, niambieni. Nimpe fundi hiyo diski, nikae, nisikilize?