Mapovu Juu ya Karavani

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ukimsikia anavyoongea na simu utadhani nchi nzima inamsubiri aamue. Anauza vigae na mapambo ya nyumba mjini Arusha, na kila anapoingia mahali huangalia kwanza nani amemwona. Nimeishi naye kwenye ukoo miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilijitahidi kumheshimu kama mkubwa wetu. Niliacha kujitahidi alipompambia mama yake karavani.

Karavani yenyewe, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, ilikuwa yangu. Nina karakana ya faiba kule Levolosi. Ufundi nilisomea chuoni, nikafanya kazi kwa watu, kisha nikafungua pangu. Tunatengeneza matangi ya maji, bampa, na yale mapaa ya magari ya watalii yanayofunguka juu. Siku moja waliletwa kwangu mume na mke, wageni, waliokuwa wamevuta karavani yao kutoka kusini kabisa mwa Afrika. Ekseli ilikuwa imekatika njiani na bodi imechanika ubavuni. Kabla sijamaliza kazi, wakapata habari ya ugonjwa kwao wakaondoka haraka. Baadaye walinipigia simu kwamba hawatarudi, niichukue.

Ilikuwa kitu kidogo cheupe chenye umbo la yai lililolazwa. Wanaotengeneza karavani za namna hiyo humwaga faiba katika vipande viwili, cha juu na cha chini, kisha huviunganisha kiunoni, kwa hiyo paa halina kiungo hata kimoja. Ndiyo sifa yake kubwa. Ndani kulikuwa na kitanda, meza ya kukunja, sinki, jiko la gesi la mafiga mawili, na juu tundu la hewa lenye kifuniko. Nilibadilisha ekseli, nikapaka beringi grisi mpya, nikaziba ule mchaniko na kuondoa raba za madirisha zilizokauka, nikaweka mpya. Nilipomaliza nilimwagiza fundi aimwagie maji kwa mpira asubuhi nzima, mimi nimekaa ndani nikipapasa kuta kwa kiganja. Haikuingiza tone.

Wakati huo nyumba ya mama mkwe kule Nkoaranga, mlimani, ilikuwa imepasuka. Kule ni mteremko mtupu, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimelegeza udongo chini ya msingi, ukuta wa nyuma ukaanza kuinama. Tuliitana kikao cha familia. Kila mmoja akaanza kusema atachangia nini, shemeji akainua mkono akatunyamazisha. Alisema nyumba ya mama tumwachie yeye, ni aibu mtoto wa kwanza kusaidiwa kumjengea mama yake. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Msingi ulichimbwa. Kuta zikapanda mpaka usawa wa madirisha, zikasimama hapo. Kila tulipouliza, alijibu kwamba anasubiri mbao nzuri, au fundi wake mzuri, au mvua ipite. Mvua ilipita, ikaja nyingine. Mgomba ukachipua mahali ambapo pangekuwa sebule.

Mama hakuweza kuendelea kulala chini ya ukuta unaoinama. Mume wangu ni dereva wa watalii. Akaomba gari kazini, tukaivuta karavani taratibu mpaka Nkoaranga, tukaiweka kati ya migomba na jiko lake la nje, nikashusha jeki za pembeni na kuisawazisha. Mama aliizunguka, akaigonga kwa kidole, akauliza kama panya hutoboa. Nikamwambia hawatoboi. Aliingia na Biblia yake, kitabu cha nyimbo na sanduku la nguo, akajaribu mlango kuufunga na kuufungua mara kadhaa. Jioni ile tulikula loshoro, ule mseto wa mahindi, ndizi na maziwa ya mgando, kwenye ile meza ya kukunja, sisi wawili, magoti yakigusana. Aliniambia hajawahi kuwa na mlango unaojifunga vizuri hivyo.

Kama ingeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Shemeji alikuja kumtembelea mama yake baada ya ibada ya Jumapili moja, akakuta watu wa usharika wameshazoea kupita kuiona ile nyumba nyeupe. Walikuwa wanamsifu. Walidhani ni yeye aliyeinunua. Hakuwasahihisha. Jumatano yake, mimi nikiwa kazini na mume wangu akiwa porini na wageni, alipanda na mafundi wake.

Nilipofika mwisho wa juma nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Sakafu, ambayo ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba nyembamba, alikuwa ameitandika vigae vya bafuni. Kuta alizibandika mbao za plastiki zenye mfano wa marumaru. Televisheni pana kuliko dirisha ilining'inia juu ya miguu ya kitanda. Taa za rangi zilizunguka dari kama za baa. Tundu la hewa alilipigilia kipande cha ubao, eti mama asije akapigwa na baridi. Juu ya paa, lile paa lisilo na kiungo, kulikuwa na dishi na paneli ya sola.

Nilimpigia simu nikamuuliza mafundi wamefungaje vile vitu vya juu. Akasema wamefunga imara, nisiwe na wasiwasi, wale ni watu wa kazi. Nikamuuliza kama wameziba matundu ya skrubu. Akacheka kidogo akaniambia, "Shemeji, wewe kazi yako ni matangi. Haya ya nyumba tuachie sisi."

Nilimsubiri mume wangu arudi kutoka porini nimweleze. Alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema kaka anajaribu kusaidia kwa namna yake. Mume wangu huendesha gari katikati ya nyati bila kutetemeka, lakini mbele ya kaka yake huwa kama mtoto anayengoja kuchapwa. Nilimdharau kidogo siku ile, na sijawahi kumficha.

Mama hakuangalia televisheni hata mara moja. Aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake picha ya ubatizo wa mjukuu. Taa za rangi alizizima, akaendelea na koroboi mpaka nilipomletea taa ndogo ya kuchaji.

Masika yalipoanza, mama akaanza kukohoa. Godoro lilikuwa na unyevu upande wa ukutani na shuka zilinuka kama kabati la zamani. Kwa kuwa unyevu ulikuwa chini, mbali na paa, kosa langu la kwanza lilikuwa kushuku madirisha. Nilitoa raba zote nilizoziweka mwenyewe, nikaweka mpya, nikapitisha silikoni pembeni. Unyevu ukabaki. Nikashuku kiungo cha kiunoni, nikakikwangua na kukipaka upya pande zote. Unyevu ukabaki. Maji kwenye karavani hayana adabu. Huingilia mahali, yakatembea ndani ya ukuta yakifuata mteremko, yakatokea mahali pengine kabisa, na kwa kuwa ukuta ulikuwa umefunikwa na marumaru ya plastiki, sikuweza kuona yalikopita.

Nilibandua kipande kimoja nyuma ya kitanda. Nyuma yake kulikuwa kweusi kwa ukungu, kuanzia chini mpaka juu. Mama aliyekuwa amesimama nyuma yangu aliangalia, akaguna, akaenda nje kupepeta mahindi yake.

Shemeji nilimpelekea picha kwenye simu. Alijibu kwa sauti iliyorekodiwa, akieleza kwa utulivu wa mtaalamu kwamba faiba ndivyo zilivyo, zinatoa jasho, nimnunulie mama dawa ya kunyunyizia harufu. Nilirudia kuisikiliza ile sauti karakanani, mbele ya mafundi wangu, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika kwamba mtu mzima, aliyezaliwa na mwanamke yule anayekohoa, alikuwa amesema maneno yale.

Kuna njia moja ya kuupata ufa usiouona. Unafunga kila kitu, unaingiza upepo ndani kwa blowa, kisha unapaka nje povu la sabuni. Upepo ukitafuta pa kutokea, sabuni inachemka mahali hapo. Nilipanda Nkoaranga Jumapili na blowa ya karakanani, jenereta na ndoo ya sabuni. Nilitaka kuifanya Jumamosi lakini mvua ilinyesha mchana kutwa. Ninaeleza hivyo kwa sababu shemeji mpaka leo anaamini nilichagua siku kumwaibisha. Sikuchagua, ingawa sikusikitika.

Nilimtoa mama nje nikamkalisha kwenye kiti jikoni kwake na ungo wake wa mahindi. Nikaziba dirisha moja kwa boksi na gundi ya karatasi, nikapitisha bomba la blowa, nikawasha. Nikapanda ngazi na brashi. Sabuni ilikuwa ndiyo kwanza imelowesha paa niliposikia gari. Shemeji alikuwa amekuja na wazee watatu wa usharika kuwaonyesha nyumba ya kisasa aliyomwekea mama, kabla ya chakula.

Waliteremka wakaamkia. Mama akaitikia marahaba zake bila kusimama. Wazee wakauliza ninafanya nini huko juu. Nikawaambia natafuta maji yanakoingilia, wakasogea waangalie, maana watu wa kule hupenda kuona jambo mpaka mwisho. Na jambo lenyewe lilijieleza. Kuzunguka kila skrubu ya dishi, kila skrubu ya paneli, na pale waya ulipotobolewa kushuka kwenye televisheni, povu lilikuwa linavimba na kupasuka, linavimba na kupasuka, kama uji unaochemka. Kwingine kote paa lilitulia.

Mzee mmoja alihesabu matundu kwa sauti ya chini. Shemeji alisema hiyo ni sabuni tu, sabuni kazi yake ni kutoa povu. Akageukia upande wa mama, akaanza kueleza kwamba mafundi walimdanganya, kwamba ataleta wengine, kwamba hii nyumba ataifanya upya kabisa.

Mama alikuwa bado ana ungo mapajani. Aliuweka chini, akamwonyesha kwa mkono zile kuta zilizoishia madirishani, na mgomba uliokuwa tayari umempita mtu kimo.

"Hii ni nyumba ya mke wa mdogo wako," alisema. "Ya kwako ni ile pale. Nenda kalale humo."

Hakupandisha sauti. Shemeji akatazama saa, akasema amekumbuka kuna mtu anamsubiri mjini. Chakula hakula. Wazee walibaki wakala, na mmoja alinishikia ngazi niliposhuka.

Wiki ile ile nilipandisha turubai juu ya karavani, nikang'oa dishi na paneli, nikabandua plastiki na vigae. Plaiwudi ya sakafu ilikuwa imeoza, unaichota kwa vidole. Mama nilimchukua kwetu Sekei, alale kwenye kitanda kikavu, naye alilalamika kila siku kwamba Sekei kuna kelele na majirani hawasalimiani. Kikohozi kilimwacha polepole.

Kazi ya paa ilibidi ingoje jua, kwa maana resini, ile gundi ya kushika faiba, ukiichanganya kwenye baridi na unyevu wa mlimani inabaki inanata kama ulimbo, na ukiongeza hadina, dawa ya kuigandisha, ili kuiharakisha inapasuka. Jua lilipokaa sawa nilisaga kila tundu mpaka likawa kama kisahani, nikajaza kitambaa cha faiba tabaka juu ya tabaka, la juu likiwa pana kuliko la chini, nikapiga msasa mpaka mkono ukipita hauhisi kitu. Sakafu niliweka mpya. Tundu la hewa nililifungua, nikaweka na feni ndogo inayotumia betri. Hiyo feni ndiyo boresho pekee lililokuwa linahitajika tangu mwanzo, na inaenea kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Mama alirudi kwake akakaa humo mpaka nyumba ilipoisha. Iliisha, ndiyo. Mume wangu hatimaye aliwaita dada zake, wakaikamilisha bila kumwita kaka yao kikaoni, jambo ambalo nilidhani hataliweza. Nilimrudishia heshima yake siku ile, karibu yote. Mgomba tuliung'oa, mama akadai upandwe tena nyuma ya jiko, ukapandwa.

Siku ya kubariki nyumba, shemeji alikuja na suti na mpiga picha. Alipopewa nafasi ya kusema neno, alisimulia jinsi alivyohangaika na mama, jinsi alivyomhifadhi kwanza kwenye karavani ya kisasa mpaka Mungu alipojalia. Sauti ilimkatika mahali panapostahili. Wapo waliofuta machozi. Niliangalia kama ana haya hata kidogo usoni, nikaona hana, wala hajifanyi; alikuwa anaamini. Nilitegemea hasira, nikapata kitu baridi zaidi, kile unachokihisi ukikuta kiatu kimoja barabarani.

Mwaka huu binti yake anafanyiwa send-off, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Shemeji alinipigia mwenyewe, kwa sauti ya asali, akaniomba karavani ikae nje ya ukumbi, bibi harusi na wasindikizaji wake wabadilishie nguo humo, wapambaji wangeifunika maua. Alisema itapendeza sana kwenye picha. Nilimjibu hapana. Akangoja nieleze sababu. Sikueleza, nikamtakia mtoto baraka, nikakata simu.

Mume wangu alikuwa sebuleni amesikia yote. Aliniuliza kama nisingeweza kusema kwamba iko kwenye matengenezo.

"Ningeweza," nilimwambia, nikaenda uani kupaka beringi za karavani grisi.